Vile Mama Gati Alioa Boti Yetu

Madam Atieno, mkubwa wa mradi yetu, ameniwekea simu hapa kwa meza, ameifinya mahali, sasa inaniangalia. Ati niongee tu, yeye ataandika baadaye. Ati nyinyi vijana mnaingia kwa hii kazi ya kwenda mashuleni kufunza watoto kuchora, na mnataka kujua sisi wa zamani tulikuwa tunafanya aje. Sawa. Mimi naitwa Oketch, lakini huku kisiwani Rusinga hakuna mtu anajua hiyo jina. Hata mbwa za beach zinajua mimi ni Jarangi, mtu wa rangi. Shule mimi niliona kupitia dirisha, na msidhani nilikuwa ndani naangalia nje. Nilikuwa nje na mbuzi za baba, naangalia ndani, na kati yetu mbuzi ndio walikuwa wanashika hesabu haraka.

Mambo ya mshahara na vyeo msiniulize. Cheo nilipewa moja tu, ya msanii mkaaji. Maana yake ni mtu anapelekwa kukaa kwa shule wiki mbili, analala kwa store ya mahindi, mchana anafunza watoto, usiku panya wanamfunza yeye.

Kabla ya hapo nilikuwa napaka rangi boti za wavuvi. Aliyenifunza ni mtu anaitwa Ouko Rangi Mbili. Macho yake ilikuwa na shida, nyekundu na kijani kwake ni mapacha, kwa hivyo alikuwa anatumia bluu na nyeupe peke yake. Watu walimcheka mpaka wakagundua boti ya Ouko unaiona ukiwa kisiwa ingine, Takawiri, na mvua inanyesha, na umefunga macho. Matusi ya Ouko ilikuwa inaweza kukausha rangi bila jua. Lakini kila kitu najua ni yake. Alinionyesha vile unachukua kamba ya mkonge, unaitembeza kwa unga ya makaa, mtu mmoja anashika huku, mwingine kule, unavuta katikati unaachilia, pap! Unapata laini imenyooka kushinda pastor.

Halafu alikuwa na hii neno yake moja, alirudia mpaka nikaanza kuiota. "Jarangi, boti ni mwanamke. Usimpambe uso kama hujamtibu tumbo." Alikuwa anamaanisha chini ya boti. Anzia chini, ingiza pamba kwa kila ufa, gonga na nyundo pole pole, ndio uende juu ukajionyeshe na maua yako. Na hiyo ya mwanamke hakutunga yeye. Sisi watu wa ziwa boti mpya tunaileta beach na nyimbo na vigelegele kama bibi harusi. Kumbukeni hiyo, itatuletea maneno mbele.

Siku moja Madam Atieno akanikuta nimelala chini ya boti, miguu peke yake inaonekana. Akaongea na miguu. "Fundi, unaweza kufunza watoto?" Miguu ikakubali kabla mimi nifikirie.

Siku ya kwanza ilikuwa shule moja karibu na Mbita. Nikaingia darasa la sita, watoto wote wakasimama wakaimba, "Good morning, sir!" Nikageuka kuona huyo sir ni nani nimsalimie pia. Hakuna mtu. Ni mimi. Jasho ikanitoka, naapa ilijaza kiatu. Sikuwa na somo, sikuwa na chochote. Nikauliza tu, "Nani hapa amewahi kufukuzwa na kiboko, yule mnyama wa ziwani?" Mikono yote ikaenda juu. Wengine waliinua mbili. Nikawaambia, "Basi mchoreni, na mjichore vile mlikuwa mnakimbia." Karatasi ikaisha. Wakashuka kwa sakafu na chaki. Sakafu ikaisha, wakatoka nje kwa veranda. Mwalimu mkuu kutokea, anapata darasa nzima imelala kwa tumbo na viboko zimefika mlango ya ofisi yake.

"Hii ni nini?"

Msichana mmoja akamwambia bila kuinua kichwa, "Mwalimu, ruka huyo. Ni mama, ako na mtoto."

Na aliruka! Mtu mzima na tai yake. Hapo nikajua hii kazi nitakufa nayo.

Mengine nawaambia haraka kabla hii simu izime. Brashi osha na mafuta ya taa, halafu sabuni, la sivyo kesho utakuwa na ufagio. Huku ziwani ukiona asubuhi wale wadudu wadogo wanatoka juu ya maji kama moshi, funga mkebe uende ukunywe chai. Mimi niliwahi kupaka boti nyeupe ikatoka nyeusi na mabawa, kidogo iruke. Na usiwahi kushika mkono ya mtoto umsaidie kuchora. Ukishika mkono yake, hiyo picha ni yako, na wewe zako mbaya ushamaliza kuchora.

Sasa niwaambie ile kazi ilinizeesha.

Kuna shule moja juu ya kilima, kwa Wakuria, kabla ufike Isebania kwa mpaka. Madam akanituma huko. Kwenda kuangalia mara ya kwanza, nikauliza watoto nani ameona ziwa. Hakuna mkono ilipanda. Nikauliza nani ameona boti. Mmoja akasema ameona kwa kalenda. Roho ikaniuma, nikafungua mdomo, na mdomo yangu haijawahi kupita shule: "Nitawaletea moja hapa."

Mwalimu mkuu, Mwalimu Chacha, akacheka. Halafu akaacha kucheka, akaenda kuongea pembeni na mwenyekiti ya wazazi, mzee anaitwa Marwa, mwenye lori ya kubeba mahindi. Akarudi akasema, "Lori iko. Lete boti." Mimi nikamwomba Mungu ambariki Mzee Marwa. Nikamwomba mapema sana.

Boti nilipata hapa Rusinga, imezeeka, mwenyewe amechoka nayo. Sasa vile tunaipandisha kwa lori, wamama wa beach wakaona. Min Akinyi, yaani mama ya Akinyi, muuza dagaa ya omena, akapiga kelele, "Kwani mnaoza msichana wetu kimya kimya kama wezi?" Wakafunga leso kwa mdomo ya boti, wakaimba, wakatusindikiza mpaka kwa daraja, mmoja akalia machozi kabisa, na hata haikuwa boti yake.

Njiani karibu na Migori polisi akatusimamisha. Akazunguka lori, akaangalia leso, akaangalia mimi.

"Hii inaenda wapi?"

"Kwa Wakuria, afande."

"Kwani Wakuria wamechimba ziwa?"

"Hapana, inaenda kuolewa."

Akanusa. "Bibi harusi ananukia omena. Haya, pita, mahari isipoe."

Hiyo kicheko ikaniingia kichwa. Kufika shule, watoto wamejaa kwa gate, wazazi wako, wazee wako, nikasimama juu ya lori kama gavana nikapaza sauti, "Watu wa Kuria! Nimewaletea bibi!" Wakacheka, wakapiga makofi. Boti ikashushwa katikati ya uwanja, kwa nyasi, ng'ombe mbili wakakuja kuinusa.

Tukaanza kazi vizuri sana. Siku za kwanza tuliziba tumbo, pamba na nyundo. Watoto wakaniuliza kwa nini tunaziba na haitaona maji. Nikawaambia bibi harusi akioga si ati ni mgonjwa. Tukavuta kamba, pap, tukapata laini. Wakaanza kuchora. Kulikuwa na msichana anaitwa Robi, mwembamba kama mpini ya jembe, mdomo kama pilipili. Yeye alichukua mbele yote akaanza kuchora fahali ana mkia ya samaki. Nikamuuliza huyo ni mnyama gani. Akasema, "Ni mtoto ya kwenu na kwetu."

Siku ya wazazi ilikuwa Ijumaa ya wiki ya pili. Jumatatu ya hiyo wiki nafika uwanjani, naona Mzee Marwa anatembea kando ya boti, hatua, hatua, anapima. Anasimama katikati, anachora mstari na kidole. Akaondoka bila salamu. Robi naye akaweka brashi chini.

"Fundi, hii boti tukimaliza inaenda wapi?"

"Inakaa hapa. Ni yenu."

"Uongo. Mzee Marwa amesema Ijumaa jioni atapasua katikati, iwe mbili, ng'ombe zake wakunywe maji. Sasa unataka tupake rangi sahani ya ng'ombe?"

Wote wakaweka brashi. Hakuna kelele, hakuna mtu alifukuzwa. Waliweka tu, wakaenda kukaa chini ya ukuta. Mimi nimechapwa na mawimbi, nimefukuzwa na kiboko na pia na mama mkwe, lakini hiyo kimya ndio ilinichapa.

Nikakimbia kwa Mwalimu Chacha. Akaangalia dirisha. "Jarangi, wewe ulifikiria lori ya Marwa inakunywa maji ya mvua? Tuliongea. Yeye analeta, shule inaonyesha wageni, yeye anachukua."

"Na hukuniambia?"

"Ungeileta?"

Nikapigia Madam Atieno. Akasema wageni wanaolipia huu mradi watakuwa hapo Ijumaa, na kama wataona boti nusu na watoto wamenuna, watasema Kuria ni mbali, na hatutarudi tena. "Fanya kitu, Jarangi." Nifanye nini? Nilienda jikoni kukula.

Mpishi ya shule alikuwa Mama Gati. Huyo mama mwiko yake ilikuwa kubwa kuliko kasia, na sisi hatukuwa tunapatana. Kila siku ni, "Wewe mtu ya ziwa, unakula ugali kama unajenga nayo nyumba." Mzee yake alikuwa amekufa, akamwachia wasichana watatu, hakuna kijana, na wote wameolewa ng'ambo ya mpaka huko nyuma ya Sirare. Boma yake ilikuwa karibu na shule, kimya mpaka unasikia kuku akifikiria. Hiyo siku hakunitukana. Akaniwekea sahani akasimama, akaniita mura, kijana kwa Kikuria.

"Mura, ile siku ya kwanza ulisema kwa gate umeleta nini?"

"Boti."

"Sijakuuliza ni nini. Nimeuliza ulisema nini."

"Nilisema nimeleta bibi. Ilikuwa mchezo, mama."

"Wazee walikuwa wapi?"

"Walikuwa hapo. Walipiga makofi."

"Mm," akasema. Akasukuma kuni kwa moto. "Kula, inapoa." Na hakusema ingine mpaka Ijumaa.

Ijumaa ikafika kama deni. Wazazi wamejaa, wageni wamekaa kwa viti za plastiki chini ya tenti, boti iko hapo, mbele fahali hana miguu ya nyuma, kando zote laini tupu. Watoto chini ya ukuta, mikono imekunjwa. Mzee Marwa amekuja na kijana ameshika msumeno, na hata hajaona aibu ya kuificha. Mwalimu Chacha akaongea, akashukuru kila mtu mpaka jua. Mzee Marwa naye akasimama kuongea juu ya maendeleo na mifugo.

Hapo tukasikia mbuzi.

Mama Gati anatoka jikoni na aproni yake, anavuta mbuzi mweusi jike na kamba. Akapita katikati ya wageni kama hakuna mtu. Akafika kwa boti, akafunga mbuzi hapo mbele.

"Mwenyekiti, kabla uendelee," akasema, "ukoo wote uko hapa, nataka kuongea. Huyu mtu ya ziwa siku ile alisema ameleta bibi. Mlisikia?"

Wazee wakaangaliana. Mmoja akasema, "Tulisikia."

"Kuna mtu alikataa?"

"Hakuna. Tulipiga makofi."

"Basi mimi namuoa."

Sasa nyinyi watoto wa mjini msicheke kwanza, mnielewe. Kwa Wakuria, mama ambaye hana kijana anaweza kuoa bibi. Yeye mwenyewe, mwanamke, anatoa mahari, analeta bibi kwa boma, na watoto wakizaliwa ni wa nyumba yake, ndio moto yake isizime. Si mchezo. Ni kitu ya heshima, na ukoo mzima unaiheshimu. Lakini hakuna mtu alikuwa amewahi kusikia mtu ameoa boti.

Uwanja ukapasuka kwa kicheko. Mzee Marwa akacheka mpaka akashika kiti. "Mama Gati! Jua imekupiga! Na atakuzalia nini? Omena?"

Mama Gati akangoja. Akangoja mpaka wa mwisho akamaliza kucheka. Halafu akasema pole pole, na sauti ya mtu anaongea na sufuria:

"Marwa. Baba yako alizaliwa kwa nyumba ya nani?"

Kicheko ikakatika kama umeme.

"Si ni kwa nyumba ya nyanya Nyangi, ambaye alikuwa hana kijana, akaoa bibi? Babu yako alikuwa mwanamke, Marwa. Siku hiyo pia watu walicheka. Wangecheka mpaka mwisho, wewe ungekuwa wapi leo na lori yako?"

Mimi nimekaa na watu wengi, sijawahi kuona mzee mkubwa hivyo akitafuta mahali ya kuweka mikono. Aliangalia wazee. Wazee waliangalia viatu. Yule kijana wa msumeno akaanza kurudi nyuma, hatua, hatua, kama anapima uwanja.

Mwisho Mzee Marwa akakohoa. "Mahari ni hiyo mbuzi moja?"

"Bibi mwenyewe amezeeka," Mama Gati akasema.

"Na lori yangu? Mimi nilimleta. Nitakula nini?"

Sikupanga. Mdomo yangu ilijiendea tena. "Mzee, msindikizaji ya bibi harusi lazima apambwe. Watoto watakupakia lori rangi, ishinde zote Isebania."

Akafikiria. Akauliza, "Na yule fahali wa mkia?" Akaangalia ukuta, akatafuta Robi na macho. "Huyo fahali anaweza kukaa kwa mlango ya dereva?"

Robi akasimama. Akatembea polepole kama mtu anataka kuombwa. "Anaweza. Lakini kwanza nammalizia miguu huku kwa bibi."

Na hapo ndio wageni waliona siku ya wazazi ambayo hakuna mtu alikuwa amepanga. Watoto walimwagikia boti kama siafu. Walichora mbele ya kila mtu, mama zao wakiwasimamia nyuma wanapiga kelele, "Weka njano! Hapo weka njano!" Mgeni mmoja wa heshima akapakwa njano pia. Mzee mmoja wa ukoo akaomba brashi, akachora kiti yake ya kukalia, hakuna mtu alijua kwa nini, tukaiacha. Jioni vijana wakabeba boti mabegani mpaka boma ya Mama Gati na nyimbo, na mimi nikarudi nyumbani na mbuzi, kwa sababu mimi ndio nilihesabiwa baba ya bibi. Min Akinyi na wamama wa beach walinipokea wakasema nimemuoza msichana bei rahisi. Mpaka leo wananidai hiyo heshima.

Lori ya Marwa je? Iliingia Isebania na fahali ya samaki kwa mlango, wale watu wa kubadilisha pesa wakaacha kazi waiangalie. Marwa alianza kupiga honi hata kama barabara haina mtu.

Nilifanya shule zingine nyingi baada ya hapo. Sitawachosha. Zingine zilienda vizuri, zingine niliumwa na nyuki. Sasa magoti inalia kama mlango, mkono unatetemeka, laini yangu imeanza kulewa kabla mimi. Madam akasema, "Jarangi, pumzika." Nikasema sawa, lakini wacha nizunguke niage.

Mwezi uliopita nikafika kwa ile kilima. Mama Gati ameacha kupika, amezeeka, lakini sauti bado iko kwa miaka yake ya zamani. Boti iko katikati ya boma, amejengewa paa ya mabati nzuri kuliko hata ya nyumba. Na ilikuwa Jumamosi. Sikuweza kupita kwa gate. Watoto! Juu ya boti, chini ya boti, kwa mti, kwa ukuta ya nyumba, kila mtu na mkebe na brashi, na wale wakubwa wanafunza wadogo kuvuta kamba, pap, pap, boma yote inalia. Nikauliza nani huwa anawapanga. Wakasema ni Robi. Ni mwalimu sasa, hiyo shule hiyo.

Mama Gati akaniletea kiti, kwa sababu mimi ni mkwe, na mkwe hasimami.

"Nimekuja kuaga, mama. Nimestaafu."

"Nani amekupa ruhusa?"

"Madam Atieno."

"Madam ndiye baba ya bibi yangu?" Akazungusha mkono kwa boma yote, kwa zile kelele. "Marwa aliuliza atanizalia nini. Sasa hesabu, kama unajua hesabu."

Sijui hesabu.

"Baba ya bibi hastaafu," akasema. "Na bibi amekuwa mgonjwa, amepasuka huko nyuma, mvua inaingia. Nimengoja uje. Nilikuwa nadhani wewe ni baba ya maana."

Watoto wakapunguza kelele wanione. Mmoja akaniletea brashi, nyekundu inadondoka, ananionyesha mahali juu, kwa uso, ati hapo kumebaki nafasi ya ua.

Nikamrudishia. Nikauliza kama kuna pamba na nyundo. Nikashuka chini na hayo magoti yangu, nikilalamika ndio wote wasikie, nikaingia chini ya boti mpaka miguu peke yake ikabaki nje. Nikaanzia tumbo.